Kidole cha Nje

Hakulia. Hilo ndilo lililotutisha.
Alipofika kona ya tatu alipunguza mwendo
kama mtu aliyekumbuka sufuria motoni,
akatujia kwa miguu mitatu,
wa nne ameukunja kifuani
kama barua asiyotaka isomwe.

Miezi kumi na minne tu. Mtoto.
Baba alimwita Dreoilín, jina la kindege cha uani
kinachoenea kiganjani,
maana alizaliwa wa mwisho kati ya wanane
na kila mtu kijijini alisema hatafika Jumapili.

Daktari Attracta wa Bruff alimlaza mezani,
akabonyeza, akasikiliza kwa vidole.
Kidole cha nje, mguu wa mbele, kushoto:
kiungo kimeteguka, kano imechanika.
"Uwanja wote hupinda kushoto," akasema,
"na kushoto ndiko deni linakolipiwa."

Kisha njia mbili, kama kawaida ya madaktari.
Kukikata, naye atakuwa mbioni kabla ya Pasaka.
Au kumfunga, kumtunza, kungoja, bila ahadi.
Jirani yetu Mulcair, mwenye hisa ya robo, alisema kata,
kidole kimoja si mguu.
Baba hakumjibu. Aliutoa mkono mfukoni,
ule ambao mashine ya kufunga nyasi
iliubakishia vidole vitatu akiwa na miaka kumi na tisa,
akauweka juu ya meza ya chuma, kando ya unyayo.
"Visivyokuwepo," alisema, "ndivyo vinavyowasha."

Basi tukafunga.
Siku tatu za kwanza, njegere za barafu
ndani ya kitambaa cha vyombo, dakika kumi, asubuhi, mchana, jioni
(tulizila njegere hizo Alhamisi, na viazi; usimwambie mtu).
Halafu pamba kati ya kidole na kidole
jasho lisije likaozesha ngozi,
bendeji ikizunguka kutoka chini kwenda juu,
kucha mbili za kati zikichungulia
ili uziguse na kuuliza: kuna joto?
Akitoka nje, mfuko wa mkate juu yake, na utepe,
kwani huku Limerick siku kavu huhesabika kwa vidole.

Usiku wa tano nilikaza mno.
Asubuhi vidole vilikuwa maharagwe yaliyolowekwa,
baridi. Nilikaa sakafuni, sauti imenikauka.
Baba aliifungua yote, taratibu,
akaupapasa unyayo mpaka damu ikarudi,
akafunga upya kwa mkono ule ule wa vidole vitatu,
vizuri kuliko mikono yangu yote miwili.

Mvumilivu hula mbivu, husema walioshiba.
Mwambie hayo mtoto aliyeumbwa kwa upepo.
Wiki ya tatu alitafuna soksi,
wiki ya nne, mguu wa kiti,
wiki ya sita alikimbia usingizini,
miguu yote minne ikipiga blanketi,
hata ule uliofungwa,
nami nikauwekea kiganja, nikauomba usiote.

Mulcair aliuza robo yake. Sijui nani kainunua.
Trekta letu bado lina magurudumu yale yale yaliyolika;
sijauliza.

Wiki ya kumi, konde la nyuma, umande.
Baba akafungua kamba.
Dreoilín alisimama, akatutazama kama tumekosea.
Kisha akaenda, na sikumwona mbwa,
niliona nyasi zikifunguka,
na kwenye ua wa miiba, yeye ambaye
kila mwalimu amemfundisha kushoto,
akapinda kulia.

Hatujui kama atarudi uwanjani.
Kidole kimepona upande,
kinajitokeza kama mtu dirishani.
Usiku akivuka vigae vya jikoni
namsikia kutoka kitandani:
ukucha, ukucha, ukucha,
na mmoja unaochelewa.